Chama Kilichozikwa na Mtani

Chama chetu kilianza kwa neno moja la mgeni. Alikuja Kibiti kijana wa mipango, mwenye kompyuta begani na viatu visivyojua tope, akasimama mbele ya mkutano wa hadhara akasema kwamba katika kuorodhesha nyumba zetu, dungu halitaandikwa, kwa kuwa dungu si nyumba. Mjomba wangu alikuwa ameketi safu ya mbele. Alinyanyuka, akakung'uta kanzu, akatoka. Nyuma yake wakatoka watu sita. Nikisimulia barazani husema walikuwa sitini, na siku nikiwa nimeshiba hufika mia sita, lakini hapa naandika, acha niwe mkweli. Walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa anakwenda zake chooni.

Kwa asiyejua, dungu ni nyumba tunayoisimamisha juu ya nguzo ndefu kule bondeni, mashambani. Mpunga ukianza kuzaa, familia inahamia humo kufukuza ndege na nguruwe. Mto ukifurika, maji yanapita chini yenu na ninyi mmeketi juu mnakula wali. Mjomba alizaliwa kwenye dungu. Kumwambia dungu si nyumba ilikuwa sawa na kumwambia kwamba hajazaliwa bado.

Mjomba ni fundi cherehani. Alikuwa na chumba kimoja karibu na barabara kuu, na baraza lake lilikuwa na wazee wa kudumu waliokuja kusubiri nguo ambazo hawakuwa wamezileta. Wiki ileile, baina ya kanzu mbili za harusi, akatangaza kwamba tunaanzisha chama cha siasa. Sera ya kwanza: mambo yasibadilike. Sera ya pili: yaliyokwisha badilika yarudi. Wazee wakasema hiyo imekamilika, haina haja ya sera ya tatu.

Jina la chama siliandiki hapa. Kila mzee alitaka neno lake liwemo, basi likawa refu kiasi kwamba ukianza kulitamka Kibiti unalimaliza umefika Nyamwage. Sisi wenyewe tulisema "chama" tu. Bendera aliishona mjomba kwa vipande vilivyobaki kazini: rangi ya udongo kwa ajili ya mto, kijani kwa ajili ya mpunga, na katikati akadarizi dungu kwa uzi mweupe. Lilitoka kama meza iliyovaa kofia.

Mimi nikafanywa katibu. Sababu ilikuwa moja: cheti. Mchana nilikuwa fundi baiskeli, jioni nikasoma masomo ya watu wazima katika darasa la shule ya msingi, magoti yakinigonga kidevu kwa udogo wa madawati. Nilipata kidato cha nne nikiwa na watoto wawili na mvi ya kwanza. Cheti chenyewe nilikitia plastiki mara tatu, hata ungekitupa mtoni kingefika Mafia kikiwa kikavu. Lakini baada ya cheti maisha yakabaki vilevile, spoku na viraka. Ndani yangu kitu kikaanza kuwasha. Mimi toka zamani ni mtu nisiyeweza kukaa. Mwalimu wetu aliwahi kusema kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyemwona akifanya mtihani wa historia amesimama. Chama kikawa ndicho kitu cha kwanza kilichonihitaji mimi na cheti changu kwa pamoja.

Nikaandika katiba. Mjomba akiongea huku anakanyaga cherehani, nami nikiandika huku natembea. Ibara ya saba ndiyo iliyokuja kutuua, nami niliiandika kwa mwandiko wangu bora kuliko zote: chama kitalinda utani baina ya koo na koo, na mwanachama atakayemkasirikia mtani wake, au kumjibu kwa maneno makavu, atakuwa amejitoa chamani yeye mwenyewe.

Mjomba aliisisitiza ibara hiyo kwa sababu ya mtu mmoja. Kulikuwa na bibi wa ukoo wa watani wetu, watu waliotoka milimani kusini, aliyeuza karanga na korosho stendi ya Kibiti. Alikuwa rika moja na mjomba, au alimzidi kidogo. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Kila asubuhi alipita barazani na sinia lake kichwani.

"Bado mko hai, viota vya ndege?" atauliza. "Watu wazima mnajenga juu ya miti kama kwale aliyechanganyikiwa."

"Pita haraka, mama," mjomba atajibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Kuna ndoo ya maji hapa mlangoni. Ninyi watu wa milimani mkiona maji ya kifundo cha mguu mnaanza kutamka shahada."

Wataendelea hivyo mpaka uzi ukatike. Kisha bibi atamwachia karanga kiganja kimoja, na mjomba atamwambia zina mchanga, na siku inakuwa imefunguliwa. Yeye ndiye aliyekuwa mwanachama wa tatu kujiandikisha. Alisema anaingia ili kuwe na mtu mmoja chamani mwenye akili.

Tukapata usajili wa muda. Ule wa muda ni rahisi. Kazi ni ule wa kudumu. Sheria haitaki chama cha mahali pamoja. Inataka wanachama wa mikoa mingi, na wa visiwani pia, na maafisa waje waone ofisi na kuongea na watu. Wazee walipoambiwa hivyo wakaanza kuulizia nguo zao, kwa sababu chama chetu kilikuwa cha bonde moja, na hata ng'ambo ya bonde hakikuwa na nguvu sana. Mimi nikafurahi. Nilikuwa nimepewa ruhusa rasmi ya kutotulia.

Nilianza na jamaa. Karibu kila mkoa una Mrufiji mmoja aliyekwenda kwa kazi ya wiki mbili, akaoa, akasahau nauli ya kurudi. Niliwapigia simu wote mpaka simu ikawa inapata moto kama pasi. Fomu zikaenda kwa mabasi, zikarudi zimekunjwa ndani ya mifuko ya dagaa. Huku kwetu nilikwenda mwenyewe. Mahege nilizunguka siku tatu kwa baiskeli, kila nyumba wakinilisha mihogo na kuniuliza kama chama kitaleta maji. Nikawajibu kwa uaminifu kwamba chama chetu hakileti kitu, kinazuia vitu visiondoke. Walifikiri kidogo wakatia saini.

Kiongoroni nilikwenda kwa boti la injini, baina ya mikoko, siku ambayo maji yalikupwa tukakaa juu ya tope kutwa nzima tukitazamana. Mbu wa kule hawaumi ovyo. Wanakuja kwa zamu, na nadhani wana mwenyekiti. Nilipofika, wakata miti walinikuta bado nimesimama ndani ya boti.

"Katibu, keti upumzike," mmoja akasema.

"Nitaketi chama kikisajiliwa," nikasema.

Wakacheka, wakatia saini juu ya mgongo wa mwenzao aliyekuwa ameinama kufunga kamba. Nilirudi na fomu zinanuka samaki na furaha isiyonipa raha. Kadiri usajili ulivyokaribia, ndivyo miguu ilivyozidi kuniwasha. Nilikuwa nimeshajiona: ofisi, mhuri, watu wakiniita Mheshimiwa Katibu badala ya Fundi Pancha.

Barua ikaja kwamba afisa wa usajili atafika siku fulani asubuhi. Mjomba aliufagia uwanja mpaka udongo ukalalamika. Wazee walivaa kofia mpya. Bendera tuliisimamisha juu ya mti mrefu wa mkoko nilioutoa Kiongoroni mwenyewe. Nilitembea kutoka barazani hadi barabarani na kurudi mara nyingi sana hata bodaboda wakaanza kunipigia honi kwa huruma.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye faili la bluu na lafudhi ya kanda ya ziwa. Akaamkia wazee vizuri, akanywa chai, akasoma katiba ukurasa kwa ukurasa. Akatazama orodha ya mikoa akatikisa kichwa kwa namna ya kuridhika. "Katibu, kazi hii umeifanya wewe?" akauliza. Nikasema ndiyo, na kama ningekuwa na mbawa ningetua juu ya paa la wizara siku ileile.

"Basi limebaki moja," akasema. "Niongee na wanachama, nijue kama chama ki hai."

Hapo ndipo tuliposikia kilio.

Sasa, kwetu mtani ana kazi yake msibani. Wafiwa wanalia, mtani anakuja na kuchekesha. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, analala njiani jeneza lisipite mpaka agombolewe kwa kitu. Ni heshima. Msiba usio na watani ni msiba wa mtu asiye na watu. Na yule bibi alikuwa amesikia stendi kwamba kuna afisa amekuja kupima kama chama kimekufa au ki hai. Mtani gani angekaa nyumbani?

Alikuja na wanawake watatu wa ukoo wake, wanalia kwa mpigo mmoja. Yeye amevaa koti kuukuu la mjomba, sijui alilipata wapi, na anatembea kama mjomba, mguu wa kulia ukikanyaga cherehani isiyokuwepo. Akaifikia bendera, akaishusha taratibu kama mtu anayeanua nguo, akajifunika gubigubi, akalala kizingitini pa chumba cha mjomba, ndicho ofisi yetu.

"Marehemu alikuwa chama kizuri," akasema kutoka ndani ya bendera. "Hakikumdhuru mtu. Hakikumsaidia mtu. Tumwombee."

Wazee walikufa kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, nusu dakika nzima, mpaka nilipomwona afisa ameshika kalamu.

"Mama," afisa akamwinamia, "wewe ni mwanachama?"

"Nilikuwa. Nimefiwa."

"Nauliza kwa ajili ya fomu. Chama hiki kipo?"

"Kipo wapi, mwanangu, na mimi ndiyo nimekivaa?"

Nikaruka katikati. "Afisa, huyu ni mtani wetu. Huu ni utani."

"Najua utani, katibu. Na kwetu tuna watani, walimlalia baba yangu mlangoni vivyo hivyo alipofariki." Alisema kwa upole kabisa. "Lakini fomu haina mahali pa utani. Mwanachama namba tatu ameniambia mbele ya mashahidi kwamba chama hakipo. Mwenyekiti akanushe tu, aseme mama huyu hasemi kweli, nami naandika hivyo tunamaliza."

Watu wote wakamgeukia mjomba. Nilimwashiria kwa macho, kwa kichwa, kwa mguu. Kama masikio yangu yangeweza kusogea yangesogea. Neno moja tu. Lakini neno lenyewe lilikuwa lile lililokatazwa na ibara ya saba, na katiba ilikuwa imefunguliwa mapajani mwa afisa, kwa mwandiko wangu bora kuliko zote.

Mjomba alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu. Kisha akaenda pale mlangoni, akamtazama bibi alivyolala.

"Umelala vibaya," akasema. "Kibla kule."

Bibi akajizungusha. Afisa akasubiri kidogo, kwa hisani, akaona hakuna lingine linalokuja, akaandika.

Majibu yalikuja kabla ya mwezi kwisha. Yalikuwa ya haki, siwezi kulalamika: chama hakikuthibitisha kwamba wanachama wake wanakitambua. Ila tulipewa wiki mbili kupeleka Dar maelezo ya maandishi ya yule mwanachama namba tatu, yenye dole gumba lake, akisema kwamba alitania na kwamba chama ki hai.

Nilikimbia stendi na barua, karatasi na kidau cha wino. Bibi alikuwa anapepeta karanga. Alisikiliza yote akasema, "Lo, kumbe nimewaua kweli? Leta kalamu, mume wangu mdogo. Andika nisemavyo."

Nikaandika: Mimi mtani nakiri kwamba nilitania. Chama ki hai.

"Ki hai kama mwenyekiti wake," akaongeza. "Yaani nusu."

"Bibi, hiyo nusu inaharibu."

"Basi futa nusu. Andika robo."

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Karatasi ya pili ilisema chama ki hai ila hakijaoga. Ya tatu ilidai mahari. Kila mara alicheka mpaka karanga zikamwagika, nami nikazoa karanga na kurudi barazani, barazani hadi stendi, stendi hadi barazani. Wiki ya kwanza ikaisha. Nilikuwa nimekonda hadi mkanda ukanizunguka mara mbili. Nikaacha baiskeli za watu zimelala chali uwanjani kama kobe.

Siku nilipokwenda na karatasi ya saba, bibi hakucheka.

"Mume wangu mdogo, utachoka," akasema. "Mimi nikisema neno juu ya mjomba wako, linatoka utani. Sina lugha nyingine naye. Lakini akija mwenyewe, akaniomba kwa maneno makavu, nitatia dole hata kwenye karatasi tupu. Uandike utakalo."

Nikampelekea mjomba maneno hayo nikihema. Alikuwa anatia vifungo. Akaendelea kutia vifungo.

"Siku niliyomzika shangazi yako," akasema baadaye, maana mkewe mimi nilimwita hivyo, "watu wote waliniangalia kwa huruma mpaka nikaona nami nimekufa. Yule mwanamke akaja amevaa kanga ya marehemu, akanikemea kwa sauti ya marehemu kwamba sijanunua chumvi. Nikacheka. Nilicheka nikiwa nimeshika udongo wa kaburi mkononi. Sasa nikimwendea na maneno makavu, mpwa wangu, utani wetu umekwisha. Na siku yangu mimi, nani atakuja kulala mlangoni?"

Nilitoka nikazunguka nyumba.

Siku ya mwisho ikafika. Basi la mwisho ambalo lingenifikisha Dar kabla ofisi hazijafungwa lilikuwa limesimama stendi, makondakta wanaita. Nilikuwa nimesimama barazani, kidau cha wino mfukoni, nikinyanyua mguu huu na kuuweka, nikinyanyua ule. Mjomba akasimamisha cherehani.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Hivi unafikiri sioni? Utapasua sakafu yangu. Chama mimi kwangu ni baraza, nitabaki nalo. Lakini wewe ulikuwa umepata kazi ya cheti chako. Twende nikaseme."

Akavaa kofia yake nzuri, ile ya Idi. Tulivuka barabara. Alitembea mbele yangu, wima, kama mtu anayekwenda kuposa, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawa natembea polepole kuliko mtu mwingine.

Bibi alituona kwa mbali. "Haya, maiti inatembea," akaanza. Kisha akaiona ile kofia, na sura ya mjomba, akaacha.

Mjomba akasimama mbele ya sinia. Akakohoa.

"Bi mkubwa," akasema. "Nimekuja na haja."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Mikono ya bibi ilisimama ndani ya karanga. Uso wake ukatulia, ukawa uso wa mwanamke mzee tu, aliyechoka, anayeuza karanga kando ya barabara na jua limempiga. Uso ambao nilikuwa napita mbele yake kila siku na sijapata kuuona. Alikuwa anaogopa. Alisogeza kitambaa kichwani akainamisha macho, kama tunavyofanya tukiletewa habari ya msiba.

Mjomba akavuta pumzi aendelee. Nikasikia sauti inasema, na ilikuwa yangu:

"Bibi, maiti imekuja kudai sanda yake. Inasema ile bendera ilikuwa ya kuazima."

Kondakta akapiga bati la basi. Bibi akainua macho polepole, akanitazama mimi, akamtazama mjomba, na nikaona rangi inamrudia.

"Sanda hairudi," akasema. "Ashone nyingine. Si fundi yeye, au cherehani nayo imekufa?"

"Cherehani ipo," mjomba akasema. Alivua kofia, akajipepea, akashusha pumzi ndefu. "Ila kitambaa cha kukutosha wewe ndicho sijakiona Kibiti nzima."

Na hapo ndipo nilipoiona. Bendera ilikuwa imekunjwa chini ya sinia, imetandikwa juu ya boksi ili karanga zisishike vumbi. Ile meza yenye kofia ilikuwa inachungulia pembeni.

Basi likaondoka. Mjomba alichota karanga bila kuomba, akatafuna, akasema zina mchanga, kisha akapiga mkono kwenye kreti tupu iliyokuwa kando yake.

"Kaa, mpwa wangu. Imekwisha."

Nikatoa kile kidau cha wino mfukoni, maana kilikuwa kinanichoma paja, nikakiweka juu ya boksi, nikakaa. Nilikaa dakika moja nzima, labda mbili. Kisha nikasimama, nikasogea hadi ukingo wa lami kuangalia basi limefika wapi.